Sema wallahi kwanza: utani wa vijana wa Kisomali ughaibuni

Tarehe 1 Januari ghalani kwetu ni siku ya vituko. Mi napiga shifti ya usiku hapa Columbus, Ohio, kupanga maboksi, na zaidi ya nusu ya timu yetu ni Wasomali. Sasa mwaka wangu wa kwanza msimamizi, mzungu mmoja mpole tu, akatoka na orodha ya waliozaliwa siku hiyo ili wakate keki, akaanza kusoma majina, akasoma, akasoma, yakafika 11, akainua macho akauliza jamani nyie mlizaliwa wodi moja? Watu hoi. Maana kila mtu pale anajua ile tarehe haikutoka kwa mama yake, ilitoka kwa karani wa kambi au wa uhamiaji aliyekuta mtu hana cheti wala siku haikumbukwi, akaandika 01/01 mambo yaishe. Dogo mmoja huku anajikatia kipande kikubwa kuliko cha wenzake akasema, "Sisi hatuzaliwi, tunasajiliwa."

Nipo nao tangu 2018 na bado nawasikia watu wa kwetu wanasema Wasomali wagomvi, wakikaa wanne tu kelele mtaa mzima. Hapana bana. Kelele ipo, ila asilimia kubwa ya ile kelele ni utani, na utani wao una kanuni, tena kanuni ambazo sisi Watanzania tungetakiwa kuzitambua haraka kuliko mtu yeyote kwa sababu tuna watani wetu, Mnyamwezi na Mzaramo, Mchaga na Mpare. Mimi mwenyewe ni Mzigua wa Handeni. Hilo la Uzigua lishikeni, litakuja kuwa na kazi huko mbele.

Tuanze na salamu. Kwao kijana mwenzio ni walaal, ndugu, ndo maana Nairobi wanawaita "walalo". Ukitaka kumshtua mwanaume unamwita "warya!", mwanamke "naa!", na dada unayemheshimu ni abaayo. Lakini kilichonichukua muda kuelewa ni hiki, mama wa Kisomali anamwita mtoto wake "hooyo", yaani mama. Mjomba anamwita mpwa wake "abti", yaani mjomba. Mkubwa anampa mdogo cheo chake mwenyewe. Sisi tunacho kidogo, si unajua vile mjomba anavyomwambia mpwa wake "vipi anko", ila wao wameifanya sheria ya nyumba nzima, na ndo maana vijana wao wakitaka kumwiga mama yao wanakuchekesha hadi basi, kwa sababu ile sentensi inaanza na "hooyo macaan", mama mtamu, inaishia na "balaayo" ikufike, halafu ndala ipo hewani. Hiyo ndala inaitwa dacas na kila mmoja ana stori yake ya dacas, awe kakulia Minneapolis au Rinkeby kule Stockholm au Dixon Road ya Toronto, ni stori ileile. (Ile x na c za Kisomali zisikusumbue, 1972 walipochagua herufi za Kilatini x wakaipa sauti ya ile h ya kooni na c wakaipa sauti ya ayn. Walimu wa shule za huku hawajui hilo, kwa hiyo binti anaitwa Xalimo, yaani Halimo tu, na mwalimu anamwita "Ksalimo" miaka mitatu.)

Halafu kuna "wallahi". Huwezi kumwambia kijana wa Kisomali kitu chochote cha ajabu kidogo asikwambie "wallahi dheh", sema wallahi. Umemwona nani na nani wanakula pamoja? Sema wallahi. Umepandishwa mshahara? Sema wallahi. Na imesambaa, vijana wa Toronto na London ambao hata Waislamu sio wanaapa wallahi utafikiri wamemaliza juzuu 30. Wapo masheikh wanaolalamika kwamba kiapo kimeshushwa thamani, na wana hoja. Ila mi naona kuna kitu kingine mle ndani. Hawa ni watu ambao maisha yao yamepita kwa maafisa wa kila aina wakiulizwa umri, jina la babu, ulitoka mji gani, ulipita njia gani, na jibu linaandikwa kwa mashaka. Sasa kwenye kijiwe chao wenyewe wameweka mlango mmoja tu, ukisema wallahi umeaminiwa, maswali yameisha. Uhamiaji ingekuwa rahisi hivyo wangekuwa wameshaungana na ndugu zao wote.

Majina ya utani ndo usiseme. Msomali hana huruma kwenye jina la utani, anakupa kile ambacho macho yanaona. Mrefu ni Dheere, mwenye mvi ni Cirro, kiziwi ni Dhegoole, na haijalishi cheo. Siad Barre aliyewatawala kuanzia 1969 hadi 1991 wananchi walikuwa wanamwita Afweyne, mdomo mkubwa. Rais aliyechaguliwa 2017 anajulikana dunia nzima kama Farmaajo, ambalo ni jibini, neno la Kitaliano, na mwenyewe wala halikatai. Rais wa Somaliland, kule kaskazini walikojitangazia nchi yao, aliyeingia Desemba 2024 ni huyo Cirro, mwenye mvi. Sasa mtoto aliyekulia Ulaya shuleni anafundishwa kwamba ukimtaja mwenzio kwa mwili wake huo ni unyanyasaji, akirudi nyumbani anamkuta baba mdogo anaitwa kwa jino lake lililotoka. Wengi wanakwambia walikuwa wanaishi kwenye sheria mbili kwa siku moja, na walijifunza kucheka kwa mbili pia.

Na msidhani hii ya kujibizana imeletwa na simu. Wasomali ni watu wa mashairi ya majibizano tangu enzi na enzi. Mtu anatunga, mwenzie kutoka ukoo mwingine anajibu, wa tatu anaingia, na kila mstari lazima ubebe herufi ileile moja toka mwanzo hadi mwisho, ukikosea umeumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mshairi Gaarriye alianzisha mnyororo ulioitwa Deelley, herufi D, Hadraawi naye akaingia, wakajiunga washairi kwa makumi kuupiga ukabila na utawala wa wakati ule, na mashairi yakatembea kwa kanda za kaseti kutoka mkono hadi mkono. Ukimsikiliza kijana wa leo anarusha voisi noti ya dakika 4 kumjibu mwenzie wa Birmingham, anamchambua kuanzia viatu hadi babu yake, na wa Oslo anaingilia kati, ni kaseti zilezile. Tofauti ni kwamba babu zao walikuwa wanapima herufi, hawa wanapima nani kacheka. Mi nadhani kimepotea kitu hapo, ila ubishi wenyewe upo mzima.

Ubishi mkubwa kuliko yote ni wa Farax na Xalimo. Farax ndo kila mvulana wa Kisomali, Xalimo ndo kila msichana, kama sisi tungesema Juma na Asha. Kwa mujibu wa akina Xalimo, Farax hana hela, hana mpango, anakaa na mama yake mpaka miaka 34, halafu akioa anataka mke apike kama huyo mama yake. Kwa mujibu wa akina Farax, Xalimo anataka meher, yaani mahari, ya kununulia nyumba, harusi mbili na ukumbi, na akikasirika anatishia kuolewa na ajnabi, yaani mtu wa nje kama mimi. (Nimeshaulizwa kama nina nia. Nimesema nina mke Handeni. Wakasema wallahi dheh.) Na mzee wa Farax naye hapumziki, yupo Starbucks toka asubuhi na wenzie wa teksi wanabishana nani awe waziri Mogadishu, jambo lenye jina lake kabisa, fadhi ku dirir, kupigana vita ukiwa umekaa. Sisi tungeita kijiwe cha kahawa, ila hawa wenzetu jina lao ndo limepatia. London zamani ilikuwa na majlisi za kutafuna miraa, Waingereza wakaipiga marufuku Juni 2014, wakulima wa Meru wakalia, na akina mama wengi wa Kisomali kule wakashukuru.

Chini ya huo utani wa Farax na Xalimo kuna hesabu ya pesa, na hapa ndo huwa nawaelewa zaidi. Kijana wa miaka 22 anayelipwa kwa saa ana biil, yaani pesa ya matumizi anayotuma kila mwezi kwa ndugu, kwa xawaalad, wale mawakala wa kutuma pesa, na ndugu wenyewe wengine hajawahi kuwaona. Pesa zinazotumwa Somalia na walio nje zinapita dola bilioni 1 kwa mwaka, na hiyo sio pesa ya matajiri, ni ya watu wa maboksi na teksi na kulea wazee. Juu ya biil kuna ayuuto, ambayo ni upatu wetu uleule, mama yake anaendesha na yeye kaandikishwa bila kuulizwa. Sasa mtu kama huyo unamwambia meher ya dola 10,000, lazima atoe utani, angefanya nini kingine? Akisema kwa uzito ataonekana maskini na mlalamishi. Na Xalimo naye anatuma biil, mara nyingi kubwa kuliko ya kaka yake kwa sababu simu za nyumbani zinajua nani hapokei, kwa hiyo akitaja meher kubwa kwa kucheka anakuwa anauliza swali moja tu, hivi kuna kitu gani hapa duniani kitakuwa changu?

Utani wa kurudishwa nao una historia yake. Julai 2019 kwenye mkutano wa Trump umati uliimba mrudishe kwao, wakimlenga Ilhan Omar, mbunge wa Minnesota, ambaye kwa taarifa yenu alikaa utotoni miaka minne kambi ya Utange, Mombasa. Mi nilidhani kesho yake ghalani kutakuwa na huzuni. Wapi! Nilikuta mtu kasahau kuosha kikombe anaimbiwa "mrudishe kwao". Nilishangaa, mpaka dogo mmoja akanieleza kwamba wao hawajaanza kutishiwa kurudishwa na Trump, wameanza kutishiwa na hooyo. Inaitwa dhaqan celis, kurudishwa kwenye mila. Mtoto akianza kuvuta bangi, kutoroka shule, au tu kumjibu mama kwa Kiingereza, anaambiwa tunaenda likizo kumsalimia bibi, akifika Nairobi au Hargeisa pasipoti inakunjwa na tiketi ya kurudi haipo. Huyo dogo alipelekwa Islii, mtaa wa Wasomali Nairobi, ana miaka 15 akakaa miwili, Kiswahili chake chote ni cha huko, cha "maze" na "sasa", na anaisimulia kama vichekesho, vile alivyokuwa anapanga kutoroka kwa matatu hadi ubalozini na akashushwa njiani kwa kukosa nauli. Tunacheka wote. Ila kuna wengine walifungiwa kwenye vituo vya kurekebishwa, wakachapwa wakafungwa minyororo, na yeye anajua, kwa sababu akifika sehemu ya rafiki yake aliyepelekwa sehemu kama hizo anaruka, anaanza stori nyingine. Nimemsikia akiruka palepale mara tatu.

Sasa qabiil, yaani ukoo. Kila kijana atakwambia sisi hatuna qabiil, hayo mambo ya wazee, na dakika tano baadaye anakwambia watu wa ukoo fulani bahili, wa fulani waoga, wa kaskazini hawajui kupika, wa kusini wamejaza ndizi kwenye wali (ndizi na wali ni kweli, wanakula hivyo, na usipokuwa nayo mezani hawali vizuri). Kila upande una majibu. Na mimi huo utani naupenda kwa sababu ni wa Mnyamwezi na Mzaramo kabisa, ananipiga nampiga, na hakuna anayenuna. Lakini mtani wa kwetu ana kazi mbili. Kazi ya kwanza kukutukana, kazi ya pili siku ya msiba anakuja kukufanyia kazi zote huku anakutukana. Hiyo ya pili ndo inayofanya ya kwanza ivumilike. Kwa hawa jamaa siku ya shida simu inafuata ukoo. Kuna mchango unaitwa qaaraan, mtu kafa kwenye ajali huko nyumbani au ukoo unadaiwa mag, fidia ya damu ambayo kimila inahesabiwa ngamia 100 kwa mwanaume, na kijana wa Columbus anayesema hana qabiil anatumiwa ujumbe na mtu asiyemjua unaosema zamu yako dola 150. Wengi wanatoa. Februari 2023 vita vilipoanza Laascaanood, mji wa huko kaskazini, utani wa kaskazini kwenye kundi letu la WhatsApp ulikatika kama umeme, watu wawili waliokuwa wanachanana kila siku wakawa wanapishana kimya mlangoni, na TikTok watu walikuwa laivu usiku kucha koo kwa koo, huko hakukuwa na utani tena. Agosti mwaka huohuo serikali ya Mogadishu ilitangaza kuifungia TikTok. Hawa wawili walikuja kurudiana Ramadhani iliyofuata, kwenye futari, kwa sambusa.

Ila hao wawili walikuwa na uwezo wa kugombana. Nifike kwenye langu sasa.

Mwaka 2000 kule Arta, Djibouti, wanasiasa wao walikubaliana mgao wa madaraka unaoitwa 4.5. Koo kubwa nne kila moja ina 1, na wengine wote waliobaki, ukiwajumlisha, ni 0.5. Vijana wanaitumia kwenye utani, mtu akichukua vipande viwili vya pizza anaambiwa wewe ni nusu, rudisha kimoja. Kwenye hiyo nusu wapo watu wa Barawa, mji wa pwani ya kusini, na tunaye dada mmoja wa Barawa kitengo cha kufunga, akiongea na mama yake kwenye simu Chimwiini mimi naokota karibu nusu ya maneno, ni lugha ndugu kabisa na Kiswahili. Na wapo wanaoitwa Jareer, wenye nywele ngumu, hao wenye 1 wao ni Jileec, laini. Nilipofika hapa, kati ya vijana wa Kisomali kulikuwa na mmoja mkimya, tumwite fundi maana anarekebisha mashine za kufungia, siku moja kabana kidole kwenye mkanda akalaani kwa Kizigua. Kizigua! Mimi niliacha boksi chini. Nikamjibu kwa Kizigua, akaniangalia kama kaona mzimu wa babu yake.

Habari yenyewe ni ndefu. Karne ya 19 Wazigua walikumbwa na njaa, wakapakiwa majahazini, kwa mujibu wa masimulizi kwa kudanganywa kwamba wanapelekwa kwenye kazi, wakaishia utumwani pwani ya Somalia, baadaye wakatorokea msituni bonde la Juba na huko lugha haikufa. Vita vya 1991 vikawakuta wakulima wenye mazao na hawana bunduki wala ukoo wa kuwalinda, wakaporwa na kila aliyepita. Wengine walirudi Tanzania, wapo Chogo huko kwetu Handeni, wengi wakapewa uraia. Na Marekani ilichukua zaidi ya 12,000 wa hizo jamii, Wazigua na wengine, kuanzia 2003. Fundi ni wa hao.

Mwitaliano alivyoondoka aliacha maneno mengi kinywani mwa Msomali. Baasto ni tambi. Ayuuto ni msaada. Farmaajo ni jibini na alikuwa rais. Na aliacha ooji, kutoka oggi, leo. Hilo la mwisho waliitwa watu kama Fundi, eti ni watu wa leo tu, hawafikirii kesho. Ghalani bado linatumika. Pamoja na stori za nywele, za pua, za nani angekuwa analima na nani angekuwa amekaa kivulini. Nikiuliza naambiwa tunataniana tu, mbona yeye anacheka. Na kweli anacheka. Lakini nimekaa nikahesabu, miaka yote hiyo sijamsikia hata siku moja akirudisha. Wa kaskazini akipigwa anarudisha, Farax akipigwa anarudisha, huyu anacheka halafu anaenda kuangalia mashine. Huo sio utani, mzigo hauna mpokezano. Na kipimo kingine ukitaka, waulize hao wanaosema ni utani tu kama wangempa dada yao. Niliuliza mara moja, mapumziko, mbele ya watu saba. Yule wa Islii ndo pekee aliyesema kitu, alisema "mimi ningempa, hooyo asingempa", halafu akaongeza kwamba jibu hilo ni la kioga na anajua. Namheshimu kwa hilo. Dada wa Barawa alifunga kontena lake la chakula akaondoka.

Baada ya siku ile kwenye kundi la WhatsApp mtu akatuma picha ya brashi ya kusugulia masufuria, kaandika jina la Fundi chini yake. Emoji za kucheka 14. Kimya kama robo saa. Halafu ikaingia voisi noti kutoka kwa Fundi, dakika 2 na sekunde 40, yote kwa Kizigua, polepole, bila kupandisha sauti, akiwataja mmoja mmoja kwa jina, kila jina anasimama kidogo halafu anaendelea. Mimi nilikuwa kwenye gari naenda kazini ikabidi niegeshe pembeni kwa kicheko.

Nilivyoingia tu wakanizunguka. Kasema nini? Mimi kanisema nini? Warya, wewe unaelewa, tafsiri. Nikawaambia kasema maneno mazuri sana.

Sema wallahi, wakasema.

Sikusema. Hadi leo wananiuliza, na aliyetuma ile brashi amewahi kuniwekea dola 20 mezani.